Kulwadoto

Jumapili, 12 Januari 2025

Kesho shule zinafunguliwa. Nimepewa darasa la kwanza tena. Mkuu anasema nina kipaji cha wadogo. Kipaji! Angepita nyumbani kwangu leo asubuhi angenishusha cheo palepale. Doto kammwagia Kulwa uji kichwani. Ulikuwa umepoa, Mungu ni mwema. Kulwa hakulia. Alilamba uliomfikia puani, akacheka. Aliyelia ni Doto – kwa sababu kikombe chake kimebaki kitupu.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la maandalio ya masomo. Hakuna mahali pa siri kuliko hapa. Mkuu anasaini ukurasa wa mbele, hajawahi kufunua wa pili tangu nihamie shule hii ya Ngokolo.

Kwa hiyo naweza kuandika lile ambalo siwezi kumwambia mtu, hata padri. Kulwa nampenda. Doto namlea.

Basi. Nimeandika. Nyumba haijaanguka.

Jumatano, 15 Januari

Watoto mia moja arobaini na watatu. Madawati ishirini na sita. Nimeita majina siku tatu mfululizo, na leo sikufungua hata daftari la mahudhurio. Nimewataja wote kwa sura zao. Mwalimu Boaz wa darasa la pili alisimama dirishani akipiga makofi. "Wewe Martina una kompyuta kichwani!" Nilijisikia vizuri mpaka saa nane.

Nyumbani nawajua kwa shanga. Mama mkwe, Bibi Nyamizi, aliwafunga kiunoni siku ya tatu tangu wazaliwe: Kulwa aliyetangulia kutoka, nyeupe. Doto aliyefuata dakika kumi na moja baadaye akipiga kelele ambazo hajaziacha hadi leo, za bluu. Miaka mitatu sasa uzi unaongezwa tu. Bila shanga ni mtoto mmoja aliyewekwa mara mbili. Ukiita Kulwa, wanakuja wote. Ukiita Doto, wanakuja wote. Siku hizi sijisumbui, naita kwa pumzi moja: Kulwadoto!

Leo mmoja wao alimwamkia mbuzi wa jirani. Shikamoo mbuzi. Mbuzi kimya. Shikamoo mbuzi! Mbuzi anatafuna. Akaja kwangu amefura: mbuzi hana adabu, mchape. Nilicheka hadi nikakaa chini. Sikuangalia shanga kujua alikuwa nani. Ningependa awe Kulwa.

Jumanne, 21 Januari

Doto kamng'ata Hamza.

Hamza ni mjukuu wa Mama Safiya, jirani anayenikalia watoto nikiwa shule. Ana mwaka mmoja, hata kutembea bado anashika ukuta. Kang'atwa shavuni. Nimehesabu meno manane, yamejipanga kama mshono wa cherehani. Kisa ni kipande cha muhogo.

Mama Safiya hakupiga kelele. Alinionyesha tu shavu. Ningependelea kelele.

Nilimkamata Doto. Mwenye shanga za bluu, nilihakikisha. Nikamvuta mkono, nikamng'ata. Ndiyo. Mimi, mwalimu wa cheti. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa, ukimng'ata mara moja anajua uchungu wake, harudii. Nilikusudia kidogo. Haikuwa kidogo. Alinitazama badala ya kulia. Kulwa ndiye aliyelia, yule ambaye hakuguswa.

Na ngoja niandike na hili kwa kuwa nimeshaanza: nilipokuwa namng'ata, nilisikia raha.

Alhamisi, 23 Januari

Mama Safiya kasema leo, anachagua mchele, hakuinua macho. Kwamba mwaka mzima amekaa nao kama wajukuu zake. Kwamba magoti yake si ya kukimbizana tena. Kwamba mmoja atanikalia, wawili hapana. Halafu akapepeta, akamalizia:

"Na yule wa kung'ata, Mama Kulwa, unisamehe. Mama yake Hamza akiliona shavu lile mara ya pili, mimi na mwanangu tutakosana."

Nikasema sawa mama. Nitasema nini? Dada wa kazi aliyekuwepo alikaa wiki mbili akaondoka, akisema pacha wanamtisha, ukimlaza mmoja mwingine anafumbua macho. Shule haina pa kumweka mtoto wa miaka mitatu. Mwaka jana nilijaribu kuja nao, Doto akala chaki za muhula mzima.

Jumamosi, 25 Januari

Nimempigia Magesa. Yuko huko machimboni Geita, anasimamia karasha la kusagia mawe. Mume wangu naongea naye kwa kupiga yowe, na yeye ananijibu kwa yowe, karasha linatafuna maneno yetu kama linavyotafuna mwamba. Nikamweleza. Akasema wapeleke kwa mama. Nikasema mama mkwe nyonga inamsumbua, hataweza wawili. Akasema basi mpeleke mmoja. Yupi? Karasha likalia. Nikarudia: yupi? "Amua wewe, niko kazini!"

Nikampigia Bibi Nyamizi, kijijini Tinde. Shikamoo mama. Marahaba mayu, yaani mama kwa lugha yao. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema wawili hawezi, mmoja anamweza, na atakaa naye mpaka afikie darasa la kwanza, siyo mambo ya kupeleka na kurudisha. Kisha:

"Kuchagua uchague wewe. Wewe ndiye mama. Usije kesho ukasema nilikuibia."

Halafu akanipa sharti. Pacha hawatenganishwi hivihivi. Kama ni lazima, basi kila atakachofanyiwa mmoja, mwenzake afanyiwe siku hiyohiyo. Akinyolewa huyu, na yule anyolewe. Akinunuliwa gauni huyu, na yule lilelile. Usipofanya hivyo, aliyepunjwa atajiugulisha. Kwao ndivyo walivyofanya.

Nikasema ndiyo mama. Mimi nimesoma, lakini sina ubavu wa kubishana na Bibi Nyamizi.

Jumapili, 26 Januari

Najifanya nafikiria. Kanisani nimepiga magoti muda mrefu kuliko wote, watu wakadhani nina msiba. Nilikuwa namweleza Mungu sababu: Mama Safiya hamtaki wa kung'ata, Hamza atapona lini, shamba la Tinde lina nafasi ya kukimbia, hewa nzuri. Sababu tele. Mungu naye ni mtu mzima, anajua nilichagua siku walipozaliwa.

Mchana nimempa Doto paja la kuku. Na mchuzi nikamwongeza. Nikajiona ninavyomtazama akila – vile mtu anavyomtazama jogoo wiki ya sikukuu.

Jumatatu, 3 Februari

Malaria. Wote wawili. Homa ilianza usiku wa Ijumaa kwa mmoja, saa moja baadaye kwa mwingine, hawajui kufanya kitu peke yao. Zahanati wamenipa dawa mseto. Nimeomba ruhusa siku mbili, Boaz ameunganisha darasa langu na lake. Watoto mia mbili sabini kwenye chumba kimoja. Namuonea huruma kidogo.

Wamelala mkekani uso kwa uso. Wanapumua pamoja. Hakuna wa kung'ata hapo, hakuna mpole, kuna joto tu. Nimeita taratibu: Doto. Aliyefumbua macho ni wa nyeupe.

Ijumaa, 7 Februari

Homa imeshuka, lakini bado wamelegea. Wanakaa mlangoni kama vikongwe wawili wanaosubiri pensheni.

Kesho Bibi Nyamizi anakuja kuchukua. Nimerudi shule nikakuta Mama Safiya kawaogesha, kawapaka mafuta, kawasuka. Na shanga! Uzi wa zamani ulikuwa umeoza kwa jasho la homa, akazikata, akazifua kwa sabuni ya unga, akazitunga upya kwa uzi wa nailoni. Zinang'aa. "Mtoto haendi ugenini mchafu," akasema, huku amembeba Hamza mgongoni na shavu lile. Nikaona haya. Mimi nilivyomwona mwanamke huyu wiki zote hizi ni kama mtu aliyenifukuzia mtoto.

Jumamosi, 8 Februari

Ameondoka.

Bibi Nyamizi alifika saa nne na mifuko miwili ya michembe, viazi vilivyokaushwa, lazima iwe miwili. Hakukaa sana. Akauliza: yupi? Nikasema: Doto. Akamfunua gauni, akaona shanga za bluu, akatikisa kichwa, akamshika mkono. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandalia majibu sita.

Stendi nilidhani itakuwa vita. Doto ninayemjua angejitupa chini, angevua viatu, angetukana kwa lugha yake ile. Hakufanya chochote. Alikuwa na biskuti niliyomnunulia. Akaitazama, akaivunja, akanipa nusu. Imelowa mate. Doto! Kunipa kitu! Halafu akanifuta shavu kwa pindo la gauni lake – nilikuwa nalia, sikujua. Nikasema moyoni, kumbe hata mkorofi akiaga huaga vizuri.

Kulwa ndiye aliyenishangaza. Kulwa mpole! Alipoona gari linaondoka alinipanda kichwani. Kanikwaruza shingo yote. Mpaka nyumbani alikuwa anapiga mateke. Maskini, anamlilia mwenzake.

Nusu ya biskuti niliila nikiwa nimesimama jikoni. Nilisikia njaa, sijui kwa nini.

Jumatano, 12 Februari

Simu ya Bibi Nyamizi, saa kumi alasiri. Leo nimemnyoa, kichwa kilikuwa na vipele. Mnyoe na huyo.

Nikamnyoa Kulwa. Watu wawili walihitajika na mimi nilikuwa peke yangu. Kanirushia maji ya sabuni machoni, kavunja kioo cha mkononi, kakimbia uwanjani nusu kichwa kina nywele nusu kipara, na mbuzi wa jirani akakimbia pia. Nilimpata. Nikamaliza. Nikampigia Bibi: tayari. Akasema wabeja, asante ya kwao. Akasema Doto yeye alikaa kimya mpaka wembe ukamaliza, mtoto wa ajabu, mbona ulinitisha bure?

Nikajibu kwamba kijiji kimempenda. Na nikaumia kidogo. Kwangu alishindwa nini kukaa kimya?

Alhamisi, 20 Februari

Hamza tena. Shavu la pili.

Mama Safiya safari hii hakuchagua mchele. Alisimama katikati ya uwanja.

"Mwalimu, si ulisema wa kung'ata ameondoka?"

Nikasema ameondoka mama, huyu ni Kulwa, hajawahi, ni majonzi, anamlilia pacha wake. Nikasikia sauti yangu inabembeleza kama ya mzazi aliyeitwa na mkuu. Mama Safiya akamtazama mtoto muda mrefu. Akasema majonzi anayaelewa, yeye kazika wawili. Atampa muda mpaka Idi.

Ndani nikamchapa. Kwa fimbo ileile ninayoonyeshea irabu ubaoni. A, moja. E, moja. Sikufika U, fimbo ilivunjika. Nilikuwa nasema, "Hata wewe? Hata wewe?" Maana hasira yangu haikuwa ya Hamza. Nilimtoa Doto ili nibaki na mtoto mzuri, na sasa mtoto mzuri ananioza mkononi. Labda ubaya wao ulikuwa mmoja, wanaazimana kama wanavyoazimana malapa.

Jumapili, 2 Machi

Siku nzuri. Naziandika kwa sababu ni chache.

Mvua imenyesha asubuhi hatukwenda kanisani. Kulwa kachukua kipande cha fimbo iliyovunjika, kawapanga vikombe vitatu, sufuria na kandambili yangu, kawafundisha. A! E! I! Kandambili haikujibu. Akaichapa. Akaniangalia kama nimeona. Nimeona.

Baadaye kalala kwenye mapaja yangu amenishika sikio. Anaminya ncha ya sikio kwa vidole viwili, taratibu, mpaka usingizi unamchukua. Hajawahi kufanya hivi zamani, au zamani sikio lilikuwa na watu wawili wa kugombea. Miguu yangu ilikufa ganzi. Sikumsogeza.

Jumanne, 11 Machi

Naandika ofisini, wenzangu wako madarasani.

Jana jioni Bibi Nyamizi kapiga: Doto kapimwa uzito zahanati ya kwao, kaongezeka. Mpime na huyo. Basi leo asubuhi nikamchukua Kulwa na kadi yake, foleni ya akina mama, jua, watoto wanalia. Nesi Eufrasia, yule aliyewachanja tangu wachanga, akamning'iniza kwenye mzani, akaandika. Halafu akamgeuza mkono wa kulia, akaangalia begani. Akaangalia kadi. Akaangalia bega.

"Mama, umeleta kadi ya nani?"

Ya Kulwa.

"Kulwa kovu lake la chanjo lilitoka. Niliandika mwenyewe hapa: kovu lipo. Huyu hana. Aliyekosa kovu ni Doto, nikakwambia umrudishe arudiwe. Hukumrudisha."

Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba huyu ni Kulwa. Nikafunua gauni nimwonyeshe shanga. Nyeupe! Akina mama wa foleni wakainama kuangalia. Eufrasia ni mtu wa utani, akacheka:

"Shanga zinavuliwa, mwalimu. Kovu halivuliwi."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nimecheka kweli, sijui sauti ile niliitoa wapi.

Miaka mitatu nimeangalia kiuno. Hata siku moja sijaangalia bega.

Nimepita kwa Mama Safiya kabla ya kuja shule. Amefunga, amekaa kivulini. Nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: zile shanga, siku ile, ulijuaje za kumvalisha nani? Akasema mbona rahisi, walikuwa wote uchi kwenye beseni, nikamuuliza mmoja, wewe nani? Akasema Kulwa. Nikamvalisha nyeupe.

Akasema Kulwa! Angemuuliza yule mwingine naye angesema Kulwa. Na angewauliza Doto wangesema Doto. Ni nani aliyewafundisha hivyo? Mimi. Kwa pumzi moja.

Nimewaita watoto wangu mia moja arobaini na watatu leo. Sijakosea hata mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Nimemketisha. Nikamwambia: wewe ni Doto.

Akageuka kutazama mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi

Niliyemng'ata Januari alikuwa Doto kweli, shanga zilikuwa bado sahihi. Niliyemchapa Februari ni Doto huyohuyo. Kwa hiyo angalau nimempiga mtoto mmoja tu. Nilipata faraja kwa jambo hilo, kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja.

Na yule wa biskuti ni Kulwa. Mtoto wangu. Alinivunjia nusu, akanifuta machozi, na mimi nikampandisha gari nikisema moyoni, mkorofi. Hajui alikosa nini. Huenda anadhani ni ile nusu aliyobaki nayo.

Nimempigia Magesa. Safari hii karasha lilikuwa limezimwa, nikamsikia vizuri hadi pumzi zake. Nikamweleza yote. Kisha akacheka! Akaita mtu wa pembeni akamhadithia, nikasikia na huyo anacheka.

"Sasa tofauti iko wapi, Mama Kulwa? Si walewale?"

Nikakata simu. Lakini swali lilibaki masikioni siku nzima. Nina wiki ngapi naishi na Doto, namwita Kulwa, namsamehe kama Kulwa, namlaza kama Kulwa – na sikujua? Alipong'ata nilisema ni majonzi. Angekuwa na shanga za bluu ningesema ni tabia.

Ijumaa, 28 Machi

Sijamwambia Bibi Nyamizi. Kila siku nasema kesho.

Nikimwambia, atasema rudisha kila mmoja mahali pake, na ana haki. Kulwa wangu atarudi. Ndicho ninachokitaka. Nakitaka mpaka kooni. Halafu huyu ataenda Tinde. Mama Safiya akijua huyu ndiye wa kung'ata hatangoja Idi.

Nisipomwambia, nabaki na huyu, na Kulwa analelewa huko akiitwa Doto mpaka darasa la kwanza. Wataandikishwa hivyo. Watazeeka hivyo.

Leo hakung'ata mtu. Wiki ya tano sasa. Hamza alimnyang'anya muhogo, huyu wangu akafungua mdomo – Mama Safiya kanihadithia – akaufunga. Akaenda kuung'ata mti wa mpapai.

Jioni kashika sikio langu. Nikamtoa mkono. Akaurudisha. Nikamtoa tena, kwa nguvu kidogo, kwa kuwa nilikuwa namfikiria mwenzake, na yeye alikuwa amekaa pale pale pa mwenzake, anapumua. Hakulia. Akashika sikio lake mwenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Bibi kapiga. Doto ana jino linalouma, kampa maji ya chumvi asukutue. Msukutue na huyo.

Nikamsukutua. Kanitemea usoni, akacheka. Na mimi.

Akasema atakuja Jumamosi ya Pasaka, kwa mchana tu, hawezi kulala, ng'ombe hawakamuliwi na jirani. Baada ya hapo mpaka mavuno yaishe hataonekana. Akasema Doto anauliza habari za Kulwadoto. Kwamba anadhani hilo ni jina la mtu mmoja aliyebaki huku.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa tisa na robo. Naandika haraka. Wako uwani.

Walifika saa tano. Nilidhani pacha watakimbiliana. Hawakukimbia. Walisimama mbali kidogo, wakatazamana, kila mmoja kipara. Bibi kanyoa jana, nami jana. Magauni mamoja, ya kijani, alichagua Bibi akanielekeza duka. Mmoja akanyoosha mkono akagusa kichwa cha mwenzake. Mwingine akafanya hivyo hivyo. Halafu wakakaa chini wakaanza kula udongo kama vile jana waliachana hapo.

Na mimi nilisimama. Nilijua aliyekuja ni Kulwa. Nilijua! Nilimwambia moyo wangu uende kwake. Ukaenda. Nikamwinua, nikamnusa shingoni – ananuka moshi wa kuni na maziwa. Alinitazama kwa adabu. Akasema shikamoo.

Shikamoo! Kama mgeni. Kama anavyomwamkia mbuzi.

Yule mwingine akanikamata gauni kwa meno akavuta.

Tumekula wali. Bibi kasifia jinsi Kulwa "wangu" alivyonenepa na Doto "wake" alivyo msikivu, anaokota kuni bila kutumwa, analala bila kulia. Kasema mayu, mtoto huyu sikujua ulimchoka kwa lipi. Nilikuwa na kijiko mdomoni. Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Nikaomba chumvi.

Gari la mwisho analolitaka ni la saa kumi. Akasema awaogeshe kwanza wote wawili, kwa beseni moja, ndivyo inavyotakiwa kabla ya kuachana tena. Nikaingia ndani kufungasha begi. Nimefungasha: magauni mawili, sweta, kandambili, paketi ya biskuti. Nikakaa mezani, nikafungua daftari hili.

Sasa hivi ameita.

"Mama Kulwa! Shanga zimewabana, nimezikata wote. Njoo uniambie, mimi macho yangu ya kizee – wangu ni yupi?"

Naona kupitia dirishani. Wamesimama uchi kwenye beseni, wamenipa mgongo, vipara viwili vinang'aa maji. Shanga ziko mapajani kwa Bibi, nyeupe na bluu zimechanganyika. Hajui. Hakuna anayejua ila mimi na Eufrasia, na Magesa ambaye kwake ni walewale. Naweza kusema yoyote. Nikisema kweli, Kulwa atabaki – aliyeniamkia. Mwingine atapanda gari, na huyo hatavunja biskuti, atang'ata kiti, atang'ata kondakta, atapiga kelele jina langu mpaka Tinde. Nikinyamaza tena, yule mwenye adabu atanifuta shavu kwa pindo la gauni jipya.

Bega la kulia. Ni kuangalia tu. Nimekaa mwezi mzima nikijua pa kuangalia.

"Mayu! Gari litaniacha! Ita basi jina lake, aje mwenyewe!"

Nimeitika, naja. Nimefungua dirisha. Nikiita jina moja, lolote, watakuja wote wawili.